Sura ya Saba: Kilindoni Hadi Maskati ni Saa Ngapi?

Kisiwani Mafia swali hili haliishi. Mama ambaye binti yake anafanya kazi Maskati anataka kujua: mwanangu akiondoka kule mchana, Kilindoni ataingia lini? Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kufuata bidhaa anauliza alale Dar es Salaam usiku mmoja au miwili. Kijana aliyepata chuo London anapekua simu, anaona kilomita 7,600, kisha anaona safari ya saa 24, na hapo anashangaa. Ndege kubwa si inakwenda kilomita 850 kwa saa? Ukigawanya, si saa tisa tu? Hizo nyingine kumi na tano zimekwenda wapi?

Kijana huyo amegawanya sawasawa. Ila hesabu yake ni ya ndege, na anachotaka kujua ni cha msafiri.

Tutaanza na umbali, ambao ni jambo jepesi, kisha tuje kwenye muda, ambao ndio wenye mafundo. Mafia itakuwa mfano wetu kwa sababu sioni mahali pengine pwani yetu panapoonyesha jambo hili wazi kuliko hapa: kilomita 126 za kuvuka kwenda Dar es Salaam zinaweza kula muda mwingi kuliko kilomita 4,000 za kwenda Uarabuni.

Umbali wa angani hupimwaje

Programu za simu zinazotoa umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hazipimi barabara, wala hazifuati njia halisi ya rubani. Zinachukua mahali kila uwanja ulipo juu ya uso wa dunia, kisha zinatafuta njia fupi kuliko zote kati ya sehemu hizo mbili.

Mahali hutajwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani uko kusini au kaskazini mwa ikweta kwa kiasi gani. Ya pili ni longitudo, yaani uko mashariki au magharibi kwa kiasi gani kutoka kwenye mstari unaopita Greenwich, London. Namba hizo huhesabiwa kwa digrii, na kila digrii ina sehemu 60 zinazoitwa dakika. Dakika hizi ni za kupimia duara. Za kwenye saa ni nyingine.

Uwanja wa ndege wa Mafia, pale Kilindoni, uko digrii 7 na dakika 55 kusini, digrii 39 na dakika 40 mashariki. Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uko digrii 6 na dakika 53 kusini, digrii 39 na dakika 12 mashariki. Toa moja kwa nyingine: tofauti ya kusini na kaskazini ni dakika 62, na ya mashariki na magharibi ni dakika 28.

Hapa wanamaji wanatusaidia. Maili ya baharini, ambayo marubani nao wanaitumia hadi leo, ina mita 1,852, na urefu huo ni sawa na dakika moja ya latitudo. Kwa hiyo dakika 62 ni maili za baharini 62, kama kilomita 115. Dakika za longitudo hupungua urefu kadiri unavyoiacha ikweta, lakini sisi tuko jirani nayo, kwa hiyo dakika 28 zinatupa kilomita 51. Ukiweka pande hizo mbili kwenye pembetatu mraba na kutumia kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa shuleni, upande wa tatu unakuja kilomita 126. Umepata umbali wa Kilindoni na Dar es Salaam kwa kalamu na karatasi.

Kwa safari ndefu hesabu hiyo haitoshi, maana dunia ni mviringo na pembetatu ya karatasini inaanza kudanganya. Kompyuta hutumia kanuni ya duara. Majibu yake, kwa makadirio, kutoka Kilindoni ni haya:

- Zanzibar: kilomita 195
- Nairobi: kilomita 790
- Maskati: kilomita 4,000 na kidogo
- London: kilomita 7,600
- Guangzhou: kilomita 8,700
- Minneapolis, Marekani: kilomita 13,900

Njia fupi huonekana kupinda

Abiria wa Afrika Mashariki anayekwenda Los Angeles kupitia Dubai hukodolea macho ramani iliyo kwenye kiti cha mbele yake bila kuelewa. Ramani ya ukutani inaonyesha Marekani iko magharibi. Mbona ndege imeelekea kaskazini, inakaribia kwenye barafu ya ncha ya dunia?

Chukua mpira na uzi. Weka alama mbili juu ya mpira, vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi uliokaza ndio njia fupi, na njia hiyo huitwa duara kuu, kwa sababu ukiiendeleza itauzunguka mpira na kuugawa nusu mbili zilizo sawa. Ramani ya ukutani ni ngozi ya mpira iliyochanwa na kutandazwa, kwa hiyo uzi ule ule, ukichorwa juu yake, hutoka umepinda. Safari ya Dubai hadi Los Angeles ni kama kilomita 13,400 kwa duara kuu, na huchukua karibu saa 16. Rubani akifuata mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani ataongeza maelfu ya kilomita.

Kwa safari fupi tofauti hiyo haionekani. Rubani wa Mafia anaruka moja kwa moja: bahari upande wa kushoto, pwani ya Mkuranga upande wa kulia, kisha mikoko ya delta ya Rufiji na maji yake ya rangi ya udongo yakiingia baharini. Muda si mrefu kisiwa kinajitokeza mbele na minazi yake.

Umbali wa duara kuu ni wa chini kabisa. Safari halisi huuzidi kila mara. Ndege hufuata njia za anga zilizopangwa, huzunguka radi, na hukwepa nchi ambazo anga lake limefungwa. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 na anga la nchi hiyo likafungwa, ndege kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zililazimika kuzunguka. Huko kaskazini, anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilitoka karibu saa tisa na nusu ikafika kama saa kumi na tatu. Viwanja havikuhama, na kwenye programu za simu umbali haukubadilika hata mita moja.

Kutoka kilomita kwenda saa

Ndege kubwa za abiria hukata anga kwa kilomita 850 hadi 900 kwa saa, zikiwa juu kilomita 10 hadi 12. Lakini haziko kwenye mwendo huo tangu mwanzo. Zinatambaa kwenda kwenye njia ya kurukia, zinapanda polepole, na mwisho zinashuka polepole. Hesabu rahisi inayokaribia ukweli ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa.

Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni kilomita 1,760: saa mbili na dakika kama thelathini na tano. Dar es Salaam hadi Maskati, kilomita 4,000: saa tano na robo. Dar es Salaam hadi Guangzhou, kilomita 8,700, njia ambayo Air Tanzania inairuka na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua kwa moyo: saa kumi na moja kasoro.

Ndege za Mafia ni jamii nyingine. Nyingi ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja na pangaboi moja mbele, yenye viti visivyozidi kumi na vitatu. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya 126 kwa 300, unapata dakika 25. Ongeza dakika kumi za kuruka na kutua, ndiyo zile dakika 35 za kwenye ratiba.

Upepo nao una usemi wake. Ndege huogelea ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Kusi, upepo wa kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, huvuma kutoka kusini, kwa hiyo humpinga anayekwenda Mafia na kumsukuma anayerudi Dar es Salaam. Tuseme unavuma kilomita 40 kwa saa. Caravan ya kwenda itasogea kilomita 260 kwa saa juu ya ardhi, ya kurudi 340. Tofauti yake ni dakika saba. Kwa safari ndefu za kaskazini mwa dunia tofauti hiyo inafika saa nzima: kutoka New York kwenda London ni kama saa saba, kurudi ni kama saa nane, kwa sababu juu kule kuna mto wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki.

Hapa wasomaji huuliza: dunia si inazunguka? Kwa nini ndege isipae tu ikae palepale, Maskati ije yenyewe? Dunia kwenye ikweta huzunguka karibu kilomita 1,670 kwa saa, ni kweli. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa hewa imesimama, sisi tulioko ardhini tungepigwa na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa, na mnazi hata mmoja usingebaki umesimama.

*Kwa ufupi: umbali ni namba moja isiyobadilika. Muda wa kuruka hutegemea mwendo wa ndege, upepo na njia iliyo wazi. Na bado hatujaanza kuhesabu muda wa msafiri.*

Saa za kwenye tiketi

Kabla ya hapo, kuna jambo moja linalowaachisha watu ndege, nalo linahitaji kusemwa taratibu.

Tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24, siku ikianza usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu mchana jua linapochomoza. Kwa hiyo 10:00 ya tiketi ni saa nne asubuhi yetu, 14:00 ni saa nane mchana, 21:15 ni saa tatu na robo usiku. Wengi wamezoea kugeuza saa hizo bila shida.

Shida ni tarehe. Tiketi ikisema tarehe 15, 00:45, maana yake ni saa sita na dakika 45 usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayekaa nyumbani mchana wote wa tarehe 15 akingoja usiku uingie, ndege yake imeshaondoka jana usiku. Kwa mtu wa Mafia kosa hilo lina bei kubwa zaidi, maana inabidi awe amevuka bahari tarehe 14 mchana, na pengine tarehe 13.

Jambo la pili: kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pale. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondokea, ya kufika ni ya mji unaofikia. Maskati na Dubai ziko mbele ya Tanzania kwa saa moja, Guangzhou kwa saa tano. Doha iko sawa na sisi. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi chao. Anayeona kwenye tiketi kwamba ameondoka Dar es Salaam 16:00 na kufika Maskati 22:15 atadhani ni safari ya saa sita na robo. Toa saa moja ya tofauti, zinabaki tano na robo, sawasawa na hesabu yetu ya kilomita.

Walivyohesabu waliotutangulia

Mafia ilikuwa na ndege mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na zilikuja kwa vita. Septemba 1914 meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Januari 1915 wakakiteka kisiwa cha Mafia, na ndege zao zikawa zinatoka hapo kwenda kuitafuta. Ndege zile zilikwenda kama kilomita 100 kwa saa. Kuvuka kama kilomita 46 hadi meli ilipojificha kulichukua nusu saa au zaidi. Julai 1915 ndege kutoka Mafia zilizunguka juu ya delta zikitoa taarifa mahali makombora ya meli ndogo za Kiingereza yalipokuwa yakiangukia, na tarehe 11 mwezi huo Königsberg ikaishia pale. Nusu saa ile iliyompeleka rubani hadi Rufiji leo inamfikisha abiria Dar es Salaam.

Habari ya majahazi ina mafunzo zaidi. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni yalikuja pwani yetu kwa kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, yakarudi kwa kusi. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, aliabiri katika jahazi la Kuwait lililokuwa chini ya nahodha Ali bin Nasr el-Nejdi. Jahazi hilo lilifika Zanzibar, kisha likaingia delta ya Rufiji, mlangoni kabisa mwa Mafia, kupakia boriti za mikoko za kujengea nyumba za Ghuba. Villiers aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, kikatoka mwaka 1940.

Jahazi lenye upepo mzuri liliweza kutoka Zanzibar hadi Maskati kwa wiki tatu au nne. Hizo zilikuwa za tanga. Lakini kabla ya kutweka tanga, mabaharia walikaa majuma na miezi wakikata boriti, wakiuza chumvi na tende, wakingoja upepo ugeuke. Aliyeuliza nahodha "Maskati ni siku ngapi?" alijibiwa kwanza kwa swali: unaondoka mwezi gani? Nahodha alijua kwamba sehemu kubwa ya safari ni kungoja, na alilihesabu hilo waziwazi. Sisi tulio na ndege tumeacha kulihesabu, ingawa kungoja bado kupo.

Saa zinapopotelea

Sasa turudi kwa mama na binti yake. Nitatumia ratiba ya mfano, maana ratiba hubadilika kila msimu, lakini sura yake ndivyo ilivyo.

Binti alipokuwa anakwenda, aliruka Kilindoni saa nne asubuhi. Saa nne na dakika 35 yuko Dar es Salaam. Ndege ya Maskati ni saa kumi jioni. Amefika Maskati saa tatu na robo usiku kwa saa zetu, saa nne na robo kwa saa za Omani. Tangu Kilindoni hadi Maskati ni saa 11 na robo, na kati ya hizo angani amekaa chini ya saa sita. Gawanya kilomita zake kwa saa zote alizotumia: amesafiri kwa wastani wa kilomita 365 hivi kwa saa. Amepanda ndege ya kilomita 850 kwa saa, na safari yake yote imekuwa na mwendo wa kuizidi Caravan kidogo tu.

Sasa anarudi. Ndege inaondoka Maskati saa kumi kasoro robo jioni kwa saa zetu, inatua Dar es Salaam saa tatu usiku. Ndege za Mafia hufanya kazi mchana. Usiku huo hakuna ya kumpeleka. Atatafuta pa kulala, aamke, arudi uwanjani, aruke saa nne asubuhi na kuingia Kilindoni saa nne na dakika 35. Kilomita zake ni zilezile, ndege ni zilezile, lakini safari ya kurudi imechukua saa 18 na dakika 50. Zimeongezeka saa saba na nusu, pamoja na gharama ya kulala na teksi mara mbili, na hakuna hata kilomita moja iliyoongezeka.

Hapo ndipo zilipokwenda zile saa kumi na tano za kijana wa London. Shirika la British Airways liliacha kuruka moja kwa moja kati ya London na Dar es Salaam mwaka 2013, kwa hiyo siku hizi lazima apitie mji mwingine: Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam. Saa kadhaa Dar es Salaam, saa kadhaa kwenye mji huo wa kati, na njia yenyewe imepinda.

Kuna kungoja ambako hakuonekani kwenye tiketi kabisa. Ndege ndogo za ndani huondokea Jengo la Kwanza la uwanja wa Julius Nyerere, na za kimataifa zinatumia Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019. Majengo hayo hayajashikana. Unatoka nje na mzigo wako, unachukua gari, unaingia upya kwenye ukaguzi. Uwanja wa kimataifa unakutaka ufike saa tatu kabla ya ndege. Na mzigo wenyewe: ndege ndogo mara nyingi inakubali kilo 15 hadi 20 tu, wakati ile kubwa inakuruhusu zaidi. Anayerudi na mabegi mawili ya zawadi hujikuta analipia kilo za ziada au anaacha begi kwa ndugu Dar es Salaam lije kwa boti.

Na boti ndiyo njia ya walio wengi. Kisiwa kina watu zaidi ya 60,000, na viti kumi na vitatu vya Caravan haviwatoshi, wala nauli yake hawaimudu. Mtu wa kawaida anapanda gari Mbagala, anafuata barabara ya Kilwa hadi Bungu, anakata kushoto kwenda Nyamisati, kisha anavuka kwa boti au kwa kivuko cha MV Kilindoni. Majini ni saa tatu hadi tano kutegemea chombo na bahari, na chombo hakitoki mpaka maji yaruhusu, kwa sababu mlango wa delta una kina kidogo wakati wa kupwa. Abiria wa Nyamisati anajua bamvua na maji mafu kama anavyojua siku za wiki. Ukijumlisha barabara, kungoja maji na kuvuka, siku imekwisha. Kwa siku hiyohiyo moja mwenye tiketi ya ndege angetoka Kilindoni na kulala Maskati.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu wanaoumia si watalii wanaokuja kuogelea na papa potwe kati ya Oktoba na Machi. Hao hupangiwa kila kitu. Anayeumia ni mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili usiku, na mchuuzi wa pweza ambaye barafu yake inayeyuka Nyamisati. Kwao umbali wa Mafia hauko kwenye kilomita 126. Uko kwenye saa ambazo hakuna chombo kinachoondoka.

Ukweli huo una upande wa kutia moyo. Kilomita haziwezi kupunguzwa na mtu yeyote, lakini kungoja kunaweza. Uwanja wa Mafia ulikuwa wa changarawe. Ukajengwa upya kwa lami kwa fedha za mkataba ambao Tanzania na Marekani zilitia saini mwaka 2008 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Kilomita 126 zilibaki 126, lakini mvua kubwa haikuwa tena na nguvu ileile ya kuvuruga safari. Ndege moja zaidi ya alasiri inayongoja abiria wa kimataifa waliotua mchana, au ratiba ya vivuko inayobandikwa wiki nzima mbele pamoja na jedwali la maji, ingeileta Mafia karibu na dunia kuliko ndege yoyote yenye kasi zaidi. Wanaopanga ratiba za vyombo hivi wanapaswa kukaa meza moja, na watu wa Mafia wana haki ya kuwadai hilo.

Kabla hujalipa

Kwa msomaji anayepanga safari ya mbali kutoka Mafia au kurudi, mpangilio wa kufikiri ni huu:

1. Anza na mwisho mwembamba. Tafuta kwanza ndege au boti ya Mafia, kisha ndiyo utafute ya kimataifa inayolingana nayo. Wengi hufanya kinyume.
2. Unapokwenda, acha angalau saa tano kati ya kutua Dar es Salaam na kuruka kwa ndege kubwa. Kama unapita Nyamisati, toka siku moja kabla.
3. Unaporudi, chagua ndege inayotua Dar es Salaam alfajiri au asubuhi, hata kama nauli imezidi kidogo. Ziada hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko chumba cha kulala na teksi.
4. Kama umekata tiketi mbili tofauti, jua kwamba shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukurudishia pesa ukichelewa kwa sababu ya la kwanza. Tiketi moja yenye safari zote ndani yake inakulinda; ya Mafia mara nyingi hukatwa peke yake.
5. Pima mzigo kwa kipimo cha ndege ndogo, si cha ndege kubwa.
6. Soma tarehe ya tiketi mara mbili iwapo saa yake inaanza na 00, 01, 02 au 03.

Na ukiwa una nafasi ya kuuliza swali moja tu dukani kwa wakala wa tiketi, usiulize kilomita. Muulize hivi: siku nitakayotua Dar es Salaam, ndege ya mwisho ya kwenda Mafia inaondoka saa ngapi?